Kikapu cha Maharagwe na Ziara ya Wakwe

Tangu Jumapili, mlinzi wa geti la korti yetu hapa Tena ananiita Baba Maharagwe. Hasemi kwa dharau. Angesema kwa dharau ningemkasirikia, tukamalizana. Anasema kwa heshima zote, kofia mkononi, huku akinifungulia: "Karibu nyumbani, Baba Maharagwe." Juzi alinisalimia hivyo mbele ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida hunikumbuka tarehe tano tu, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kumbe naye anajua. Korti nzima inajua. Mama wa genge la mboga kwenye njia ya kwenda Mutindwa ameniuliza kama wageni wetu walifika kwao salama. Sikumwuliza amejuaje. Nilikuwa nataka nyanya, si mjadala.

Mambo yalianzia kliniki. Mama watoto alipimwa sukari, daktari akatazama karatasi, akasema bado si ugonjwa ila iko mpakani: tupunguze mafuta, chumvi na unga uliokobolewa, tuongeze maharagwe, mboga za kienyeji na nafaka nzima. Yote hayo aliyamaliza kabla sijapata pa kukalia. Mimi nikajitwika kazi ya jikoni kwa sababu nilitaka kuonekana mume wa kisasa, na kwa sababu simu iliyokuwa na bando ni yangu.

Ukitafuta mapishi ya afya kwa simu ukiwa Tena, utagundua upesi kwamba afya inaishi ng'ambo. Kwinoa. Samaki wa salmoni. Mafuta ya parachichi, nasi ndio tunaopakia maparachichi melini kuwapelekea. Washa oveni nyuzi 180, wanasema. Oveni ipi? Haki itendeke lakini: mwaka 2018 serikali ya Kenya pamoja na FAO walitoa kitabu cha mapishi, Kenya Food Recipes, chenye vyakula vya kwetu vinavyopikwa jinsi jamii zenyewe zinavyovipika, na virutubishi vya kila chakula vimeandikwa. Nilikipenda papo hapo. Shida yake ni gramu. Mutindwa hakuna gramu. Kuna gorogoro, kuna kikombe, kuna fungu, na kuna "niongeze kidogo basi".

Nikaamua maharagwe. Yana protini, yana nyuzinyuzi, na wanga wake hauingii kwenye damu kwa pupa. Nikanunua yale mekundu makubwa yenye umbo la figo, Canadian Wonder, ambayo kwa wataalamu wa mbegu ni GLP 24, herufi zilizotokana na mradi wa utafiti wa kunde uliokuwa Thika. Ila maharagwe ni mlaji mkubwa wa gesi. Yatakaa mekoni saa mbili, saa tatu, na mtungi wa kilo 13 siku hizi si wa bei ya mchezo. Mama yangu angetupia magadi, yakaiva upesi, lakini magadi huua vitamini B1, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kutaja vitamini kwa namba. Hapo ndipo nilipokutana na kikapu.

Kikapu hiki kinastaajabisha, na sitaruhusu yaliyotokea yakivunjie heshima. Unachukua kikapu kikubwa cha kusuka, unakitandika mito iliyojazwa vipande vya sponji, unashona mto mwingine wa kufunikia. Unachemsha chakula, unakiondoa mekoni kingali kinatokota, unakizamisha humo na sufuria yake, unafunika, unakwenda zako kanisani. Kisa ni kwamba joto kubwa la gesi tunayoilipia halipiki chochote. Hupita kando ya sufuria likapasha dari. Chakula kikishatokota kinachotakiwa ni joto lililomo lisitoroke. Sponji ni hewa iliyofungiwa katika vijichumba, na hewa isiyosogea haipitishi joto ila kwa shida sana. Waingereza walipika hivyo wakati wa vita kwa masanduku yaliyojazwa nyasi kavu. Huko Afrika Kusini wameuza mifuko ya namna hiyo tangu 2008 kwa jina la Wonderbag. Hapa Kenya vikundi vya akina mama vimefundishana kushona vikapu hivi kwa miaka mingi, na wali hutoka humo umeiva punje kwa punje. Changu nilikishona mwenyewe kutokana na godoro la zamani la kitinda mimba wetu (lililofuliwa, msinitazame hivyo), na sufuria ilipotulia mle ndani imeviringishwa kama mtoto mchanga, nilimwita mama watoto aje aone. Alikuja, akaona, akarudi zake.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa mapishi hawalijali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na maji huwahi kuchemka: Mombasa yatafika nyuzi 100, kwetu yanaanza kurukaruka yakiwa nyuzi 94 au 95 hivi. Unaona mapovu, unaona mvuke, unadhani ni moto uleule wa Mombasa. Sivyo. Mtu wa Pwani akihamia Tena atalaumu maharagwe kwa mwezi mzima kabla ya kulaumu mlima.

Wakwe walikuwa wanakuja Jumapili: mama mkwe, shangazi ya mke wangu, na shemeji. Nililoweka maharagwe Jumamosi jioni, alfajiri nikayabandika. Maelekezo yalisema, nanukuu kwa uchungu: yakishatokota, subiri kidogo, kisha kikapuni. Kidogo ni kiasi gani hayakusema. Nilisubiri kidogo.

Chakula kilipakuliwa saa saba na ushei, pamoja na ugali wa wimbi na managu. Maharagwe yalikuwa laini kwa nje na kaushupavu fulani katikati, mtindo ambao naamini Waitalia huulipia pesa nyingi. Shangazi aliongeza sahani. Mama mkwe alisema, "Baba, hiki chakula hakina mafuta hata kidogo," nami nikaichukua kama sifa. Watoto ndio waliokataa katakata, na shemeji akawatuma chini kisirisiri wakanunue smokie pasua na mayai. Nilitoa hotuba fupi mezani kuhusu watoto wa siku hizi na vyakula vya barabarani.

Kwenye saa tisa shangazi alinyamaza. Alikuwa katikati ya hadithi ya shamba lililouzwa bila idhini ya ukoo, akanyamaza, akauliza choo kiko wapi. Hajatoka, mama mkwe naye akasimama. Nyumba yetu ina choo kimoja. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono, wakikutana njiani mmoja hupisha, na sasa tulikuwa tumesimama koridoni, yeye ameshika ukuta wa kushoto, mimi wa kulia, kila mmoja akimsihi mwenzake atangulie. Shemeji hakungoja. Alibisha mlango wa jirani, kisha mlango wa jirani wa jirani, na kila alikobisha alieleza.

Na Jumapili si siku yetu ya maji.

Maji ya Tena huja kwa ratiba, na ratiba huja ikijisikia. Ngoma tuliyokuwa tumeijaza ilikauka kabla ya saa kumi. Ndipo nikampigia mlinzi, naye akamleta mtu wa mkokoteni, jerikani ya lita 20 kwa shilingi hamsini kwa kuwa aliona nyuso zetu, akazipandisha hadi ghorofa ya nne moja moja. Kila aliporudi alikuta mtu mpya amekaa kwenye ngazi ameshika tumbo. Hakuuliza kitu. Aliniangalia tu, kisha akaangalia sufuria.

Kufikia jioni maradhi yalikuwa yamekwisha, ghafla kama yalivyoanza. Muuguzi tuliyemwendea alimpima shangazi presha, akauliza swali moja: "Mlikula maharagwe mekundu?"

Usiku huo sikulala; nilisoma. Ndani ya haragwe bichi mna protini iitwayo faitohemaglutinini, na ndani ya lile jekundu lenye umbo la figo ndimo ilimojaa zaidi. Mmea huitengeneza ili kujilinda na walaji, na kwa maoni yangu unajilinda barabara. Hunata kwenye ukuta wa utumbo na kuvuruga kazi yake. Punje nne au tano mbichi zatosha. Dalili hutokea baada ya saa moja hadi tatu, na kwa kawaida mtu hupona saa chache baadaye, heshima ikabaki nyuma. Dawa yake ni kuchemsha kwelikweli: dakika kumi za nyuzi 100 huiharibu, na wataalamu wa Marekani hupenda ziwe thelathini kwa uhakika. Lakini sikilizeni sehemu hii. Ukiyapika kwa joto la chini, nyuzi 80 hivi, sumu haipungui. Yaweza kupanda hadi mara tano kuliko ya haragwe bichi. Nyuzi 80! Joto hasa la kikapu changu baada ya muda. Nilikuwa nimetengeneza, kwa mikono yangu na godoro la mtoto wangu, mtambo kamili wa kuinolea sumu makali.

Mwaka 2006 kipindi cha televisheni huko Japani kilifundisha watu kupunguza uzito kwa kukaanga maharagwe meupe dakika chache, kuyasaga na kunyunyizia wali. Mamia ya watazamaji waliishia kutapika na kuendesha. Nilipolisoma hilo nilihisi kupata ndugu. Na protini ileile ina kazi nyingine ya ajabu: mwaka 1960 Peter Nowell, mtafiti wa Philadelphia, aligundua kwamba inazichochea chembe nyeupe za damu kugawanyika, na maabara zikapata njia rahisi ya kuzitazama kromosomu za binadamu. Nilijaribu kumweleza shemeji jambo hili kwa simu. Alikata.

Hapa utani wangu unaisha kidogo. Kuna mama anayeuza githeri karibu na steji. Mkaa wake unawaka kabla ya jogoo, sufuria yake inatokota kwa hasira mpaka saa sita, na kwa miaka yote niliyoishi hapa sijasikia mteja wake aliyeumwa tumbo. Huyo ndiye anayejua afya ya maharagwe. Lakini yeye ndiye anayefukuzwa na askari kila wakikumbuka, na yeye ndiye anayesingiziwa kwamba hulainisha mahindi kwa Panadol, uvumi ambao kila Mkenya ameusikia na kuupitisha. Mwaka 2017 mtu mmoja alipigwa picha Kayole akila githeri kwenye foleni ya kura, nchi nzima ikampenda, akapewa hadi nishani ya rais. Waliowapikia wenzake githeri miaka yote hiyo hawajapewa hata kibanda.

Na ushauri wenyewe wa afya, umeandikiwa nani? Osha mboga kwa maji yanayotiririka. Sukuma wiki nyingine tunazouziwa zimekulia kando ya mito ya maji taka, kwa hiyo naafiki zioshwe, tena mara tatu. Lakini yatiririke kutoka wapi? Sensa ya 1989 ilihesabu Wanairobi milioni 1.3, ile ya 2019 ilihesabu milioni 4.4. Bwawa la Ndakaini, linalotuletea maji, lilikamilika 1994. Anayetaka nile vizuri anianzie kwenye mfereji, ndipo aje na chia.

Hatujaacha, lakini. Juisi ya bitiruti ilifanya mkojo wangu uwe mwekundu nikawapigia simu kaka zangu kuhusu shamba. Chapati za unga wa atta zinatumika kuzuia mlango. Mrenda uliachwa sahanini mpaka ukahamia mezani wenyewe.

Mama mkwe hajaniambia lolote tangu aondoke. Alhamisi alituma gorogoro ya maharagwe ya njano na mtu wa basi, na ujumbe wa sauti kwa bintiye, mrefu, wa kuelekeza upishi, ambamo mimi sikutajwa ila kama "huyo". Yalowekwe usiku kucha. Maji ya kulowekea yamwagwe. Yatiwe maji mengine, yatokote nusu saa kwa moto mkali, kifuniko wazi, mtu akiwa amesimama hapo akiyatazama. Kisha moto upunguzwe mpaka yaive, na kikapu cha huyo kisisogezwe karibu. Mama watoto aliusikiliza wote akitikisa kichwa, akanigeukia kuona kama nimeelewa.

Nilimwuliza: hayo ya kumwaga, ni ya jerikani ipi?