Kiwanja Hakiungui

Mzee mmoja wa Mbezi, Dar es Salaam, aliletewa bei ya bima ya nyumba: shilingi 375,000 kwa mwaka. Akaguna. "Wezi hawa!" Wiki hiyohiyo alikuwa amechangia harusi ya mpwa wake zaidi ya hizo, na hakudai risiti.

Bei haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye fomu. Kampuni ilitoza asilimia 0.15 ya thamani aliyoiandika yeye mwenyewe, milioni 250. Hiyo ndiyo bei ambayo dalali angemtajia mnunuzi, pamoja na kiwanja na mwembe wake. Kuijenga nyumba yenyewe upya, kuanzia tofali hadi bati, ni milioni 120. Bima ya nyumba hailipi zaidi ya hasara, na kiwanja hakiungui. Kwa zile milioni 130 zilizobaki alikuwa anaukatia bima udongo.

Jirani yake, mjanja wa kijiwe, ana nyumba ya gharama ileile ya kujenga. Akaandika milioni 60, bei ikashuka, akatamba. Jiko likaungua, hasara milioni 10. Akalipwa 5, na hapo bado hajakatwa ile sehemu ambayo mteja hubeba mwenyewe. Aliyekinga nusu hufidiwa nusu. Kipengele kilikuwemo kwenye mkataba, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Je, mafuriko yamo kwenye mkataba? Hakuna aliyeuliza.

Mzee alikuwa na swali moja tu kwa wakala: kalenda za mwaka mpya zinatolewa lini?