Sifa za Anayeongea Peke Yake

Anayeongea peke yake anastahili heshima kuliko anayopewa. Huko Dar es Salaam, iwe Mbagala, Tandika au Mwananyamala, midomo ikionekana inacheza na simu haipo sikioni, watu husema huyo wa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ianze kwenda huko mwaka 2024, lakini kauli hiyo bado ni dharau kwa mwenye kipaji.

Wataalamu wako upande wake. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934, aliona kwamba mtoto anayejisemea akicheza anajiongoza, na maneno hayo baadaye huzama ndani yakawa fikra. Mwaka 2012 Gary Lupyan na Daniel Swingley walionyesha huko Marekani kuwa kutamka jina la kitu unachokijua husaidia kukitafuta. Basi mama anayezunguka chumbani akisema "funguo, funguo, funguo" anafanya sayansi. Hayo ni madogo.

Fadhila kubwa ni ya kisheria. Chukua nyumba ya kupanga ya Uswahilini: vyumba sita, korido moja, choo kimoja, mita moja ya umeme. Kumwambia jirani usoni kwamba zamu ya choo imempita ni ugomvi wa kufikishana kwa mjumbe, na ukikua, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenye busara huchukua fagio la chelewa, akainama, akaanza kuongea na vumbi. "Kubandika kope wanajua, kushika brashi ya choo hawajui." Fagio linapita mlango wa kwanza, linapita wa pili, likifika wa tatu linanasa hapo, likifagia saruji ileile ambayo imeshatakata. Mwenye mlango akichomoza na kuuliza, "Dada, unanisema mimi?" jibu liko tayari: "Nimekutaja jina? Naongea na fagio langu." Kesi imekufa. Mabalozi wa Masaki na Oysterbay wanalindwa na Mkataba wa Vienna wa 1961, na bado nchi ikiwachoka inawafukuza. Mwenye fagio hafukuziki. Kwao ni hapohapo, chumba cha pili kushoto.

Ila saa kumi na moja alfajiri, jamani, hapana. Nyumba hizi nyingi hazina dari. Kuta za vyumba huishia chini ya bati, na mtu akianza kuhesabu madeni yake gizani, nyumba nzima inayahesabu naye. Hakuna kinga ya kibalozi inayostahili kufika mpaka kwenye mto wa mtu aliyerudi na daladala ya mwisho.

Na anachohesabu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Jioni alisimama chini ya mita akisoma tarakimu 20 kwa sauti, nne nne, kisha akanyamaza, kisha: "Elfu tano yote? Yuniti ndiyo hizi?" Ndiyo hizi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia 2023, shilingi 1,500. Anayedaiwa kodi hiyo kisheria ni mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Malalamiko yalipozuka, wapangaji waliambiwa wakaelewane na wenye nyumba. Wakaelewane! Mtu aliyetozwa pango la miezi sita mbele, aelewane na mtu asiyepokea simu mpaka pango likaribie kuisha. Aliyebuni njia hiyo ya kukusanya kodi, bila shaka, hajawahi kuchangia mita na vyumba vingine vitano.

Mwenye nyumba huja mwenyewe siku ya pango. Mnenaji wa alfajiri humtolea kiti, humwamkia shikamoo, humpa maji ya kunywa. Mzee huangalia paa, huhesabu noti mara mbili, huuliza kama kuna tatizo lolote.

"Hakuna, baba. Tunashukuru."

Bodaboda iliyombeba mzee ikishakata kona, anaanza kuidai mita ile 1,500, kwa sauti ya kufika barabarani.