Sifa za Balbu Iliyoungua

Balbu iliyoungua katika waya wa taa za Krismasi haizidi punje ya harage, lakini ina mamlaka ambayo hata baba mwenye nyumba hana: ikikata kauli, nyingine zote hunyamaza.

Mamlaka hayo yanatokana na jinsi zilivyoungwa. Katika waya wa kizamani wenye balbu 100 za uzi, zote hufuatana katika njia moja na kugawana volti 230 za ukutani, kila moja volti 2.3. Umeme hauna uchochoro wa kupitia. Na ukoo si wa kubezwa: mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipamba mti nyumbani kwake New York kwa balbu 80 nyekundu, nyeupe na bluu.

Watengenezaji walijaribu kuipokonya mamlaka. Chini ya uzi walizungusha kiwaya chenye ganda jembamba lisilopitisha umeme. Uzi ukikatika, volti zote huangukia hapo, ganda hutoboka na umeme huendelea na safari. Balbu hufa kimyakimya, sherehe haijui kuna msiba. Wengi husifu ubunifu huo, lakini zilizobaki hurithi fungu la marehemu, huwaka kwa ukali, hupata moto na kuungua upesi. Afadhali ile inayogoma hadharani.

Ikigoma, ndipo nyumba hukaguliwa. Plagi huchomolewa kwanza. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa swichi iliyofungwa kinyume huuacha waya wenye moto ukiwa hai. Kisha balbu hupapaswa moja moja: iliyolegea hukandamizwa, yenye kioo kilichofanya weusi huchomolewa. Katika msafara huo mkaguzi hukutana na mambo ambayo asingeyatafuta: plagi ya miguu miwili iliyolazimishwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchokoa tundu la juu na kalamu, kiungo kilichofungwa kwa mfuko wa plastiki badala ya tepu, taa za ndani zilizoning'inizwa barazani zinyeshewe mvua.

Kubwa kuliko yote ni nondo za dirisha. Waya uliozungushwa juu yake huvutwa, huchubuka, na siku shaba inapogusa chuma, dirisha zima huwa na umeme. Mtoto aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji hulishika. Kamba ya katani au vibanio vya plastiki vingetosha, lakini kama taa zingekuwa zinawaka, nani angepanda kutazama?

Balbu mpya lazima iwe ya volti zile zile. Wanaoziba pengo kwa karatasi ya fedha ya sigara humtukana marehemu na kuzibebesha mzigo zilizo hai. Waya ulioletwa na jamaa kutoka Marekani, uliotengenezewa volti 120, ukichomekwa hapa bila transfoma hung'aa kupita zote, kwa muda mfupi sana.

Taa za LED hula umeme kidogo na hazipati moto mkali. Kasoro yake ni kwamba huungua kwa nadra, hivyo waya hukaa dirishani Januari hadi Desemba, jua likilipasua ganda lake, bila mtu kuushika.