Suruali Zilizoshonewa Watu Waliosimama

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. "Trrr," basi. Lakini pale kijiweni Sinza Afrikasana, asubuhi watu wakigombea daladala, shingo zote ziligeuka kama zilizoitwa kwa majina. Dereva wa bodaboda, mikono kwenye usukani na macho mbele kwa adabu, akatoa taarifa: "Bosi, imeachia."

Iliyoachia ni kadeti ya kaki, mtumba wa soko la Karume, iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata kitunguu. Mwandishi wa makala haya alikuwa amekanyaga kikanyagio cha kushoto na kuurusha mguu wa kulia uvuke siti ya pikipiki ya Boxer, siti ambayo dereva ameiongezea sponji ili abiria wajisikie wafalme. Mguu ulivuka. Suruali haikuvuka.

Akashuka. Akachomoa shati ili lifunike. Shati likagoma, maana nalo lilikuwa la mtumba na mwenye nalo wa kwanza, huko Ulaya, bila shaka alikuwa mfupi. Akahamishia begi la kompyuta nyuma. Begi likaning'inia juu kidogo ya tatizo, likawa mshale wa kuonyesha watu mahali pa kutazama. Ndipo mama wa chapati alipoinuka kwenye kigoda chake, akajifuta unga, akachomoa pini kwenye mtandio.

"Baba, huendi Posta hivyo. Geuka."

"Mama, usijisumbue…"

"Geuka, nakwambia. Na usitikisike, nitakuchoma."

Akageuka, akiwa ameutazama ukuta wa duka la vocha, huku mama akibana pini moja baada ya nyingine na kuwaeleza wateja wake hatua aliyofikia. Konda mmoja alisimamisha gari kwa muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu. Safari iliendelea, na kila tuta kati ya Sinza na Posta lilimkumbusha mwandishi kwamba pini ya mtandio ina ncha. Kikaoni alisimama ukutani, akidai mgongo unamsumbua. Alipoombwa akaandike ubaoni alisema hoja yake haihitaji maandishi. Mwishowe alitoka kinyumenyume, kwa heshima ambayo mwenyekiti aliichukulia kuwa malezi mema ya kipwani.

Hapa lazima suruali ishtakiwe kwa ushahidi.

Suruali ya kawaida ni vipande vinne vikubwa vya kitambaa, viwili vya mbele na viwili vya nyuma, na vyote vinne hukutana mahali pamoja: kati ya mapaja. Mshono wa mbele, wa nyuma na ile ya ndani ya miguu yote huishia pale. Mtu akisimama, mahali hapo hapana kazi. Akikaa kwenye kiti, panapata kazi kidogo. Akipanda pikipiki anafanya mambo matatu kwa mpigo: anakunja nyonga, anakunja magoti na anatanua mapaja. Mshono wa nyuma unaotoka kiunoni unatakiwa urefuke ili uzunguke makalio, wakati huohuo magoti yanauvuta kwenda chini na mapaja yanauvuta pembeni. Vitabu vya ufundi wa nguo vinaeleza kuwa ngozi ya goti lililokunjwa hutanuka kwa urefu kiasi cha asilimia 35 hadi 45. Ngozi inaweza. Kadeti ya pamba tupu haiwezi hata robo ya hapo, kwa hiyo inabaki na njia mbili: kuteleza juu ya mwili, kama ina nafasi, au kuchanika. Ndiyo maana pindo lililogusa kiatu dukani hupanda mpaka katikati ya muundi barabarani, na soksi zenye tundu hupata hadhira.

Inashangaza kwamba dawa ya ugonjwa huu ilishajulikana Pwani zamani. Tazama kanzu. Mkono ukinyanyuliwa, kanzu haichaniki, kwa sababu fundi ameweka kikwapa, kile kipande cha ziada kinachokaa chini ya mkono na kuugawa mvuto usiangukie mshono mmoja. Kipande cha aina hiyohiyo, chenye pembe nne, kikiwekwa pale vipande vinne vya suruali vinapokutana, mtu anaweza kupanda pikipiki, ngazi au mnazi. Baadhi ya suruali za wapanda milima zinacho. Za mjini hazina, kwa sababu zinajaribiwa mbele ya kioo, na mbele ya kioo kila mtu amesimama wima, amevuta tumbo ndani.

Wamarekani walilitatua tatizo hili kwa shaba. Inasimuliwa kuwa Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, aliletewa kazi na mke wa mkata kuni aliyechoshwa na suruali za mumewe kuchanika. Davis akapigilia vipini vya shaba kwenye kona za mifuko, na tarehe 20 Mei 1873 yeye na Levi Strauss wa San Francisco wakapewa hataza. Jinzi za mwanzo zilikuwa na kipini kingine, pale palepale penye kesi yetu. Kiliondolewa miaka ya 1940, na hadithi maarufu inasema kilikuwa kikipata moto wavaaji walipochuchumaa jirani na moto wa kambi. Mwandishi, ambaye ameshakaa juu ya siti ya pikipiki iliyoegeshwa juani Kariakoo saa nane mchana, anaiamini hadithi hiyo bila kudai ushahidi.

Mwaka 1958 Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont alitengeneza spandeksi, uzi unaovutika na kurudi. Asilimia mbili tu za uzi huo kwenye jinzi zinatosha kuokoa heshima ya mtu mzima. Kwa hiyo siku hizi mwandishi anaposimama mbele ya fungu la mitumba hatazami rangi wala jina la mshonaji. Anageuza suruali ndani nje, anasoma kilebo, halafu anachuchumaa nayo palepale. Wauzaji wa Karume wameshamzoea.

Visa vingine havina urefu huo. Suruali ya kijivu ya kitambaa iliacha kipande chake kwenye ekzosi ya mtu Mabibo. Bwanga ya kitani ilinaswa na kiki ya kuwashia pikipiki. Simu ilichomoka kwenye mfuko wa pembeni pale Shekilango, na Noah iliyokuwa nyuma haikuwa na sababu ya kusimama.

Ile ya ekzosi, hata hivyo, haichekeshi sana. Bodaboda zetu nyingi zina ekzosi upande wa kulia, na abiria anayeshukia kulia kwa haraka huikumbatia kwa ndani ya muundi. Makovu yake yanaonekana kwenye miguu mingi ya jiji hili. Pamba ikiguswa na moto huungua ikawa mkaa. Poliesta huyeyuka, kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 hivi, na hulainika kabla ya hapo, ikanata kwenye ngozi. Na suruali za kitambaa, zile zinazoitwa za heshima, ndizo zenye poliesta kwa wingi.

Sasa ingia kwenye ofisi yoyote ya umma. Mlangoni kuna bango la michoro ya mavazi yasiyoruhusiwa, kila moja limepigwa mkasi mwekundu: kaptula, suruali ya kubana, na mara nyingi jinzi. Mwandishi amewahi kurudishwa getini kwa ajili ya jinzi nyeusi isiyo na tundu hata moja, na mlinzi akamshauri, kwa upole kabisa, avae kitambaa. Nyuma yake bosi wa ofisi hiyohiyo aliingia kwa gari lenye kiyoyozi, miguu yake ikiwa haijakaribia ekzosi tangu alipopandishwa cheo. Kanuni za heshima huandikwa na watu wanaokuja kwa gari, na wanaozitekeleza kwa ngozi ya miundi ni wale wanaokuja kwa bodaboda. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana ulipiga vita suruali za kubana kwa hoja ya utamaduni. Angalau wao walikataza iliyo hatari zaidi kwa mpanda pikipiki, japo hawakuwa wakimfikiria.

Na dereva je? Uzi wa Kevlar, uliovumbuliwa na Stephanie Kwolek mwaka 1965, upo siku hizi kwenye suruali za waendesha pikipiki wa Ulaya, pamoja na pedi za magoti, maana jinzi ya kawaida ikiburuzwa kwenye lami hutoboka upesi mno. Kijana anayeshinda barabarani tangu alfajiri, akidaiwa hesabu ya siku na mwenye pikipiki, yuko kwenye ndala na suruali ya mazoezi ya nailoni.

Kadeti ya kaki iko Manzese kwa fundi, inawekewa kikwapa. Alipochorewa mahali kinapotakiwa kukaa, fundi aliutazama mchoro, akamtazama mteja kuanzia chini, akauliza kama ni ya sarakasi. Akataja bei iliyozidi ya suruali yenyewe, akaahidi Jumamosi. Hakusema ya mwezi gani.