Hamali wa Ghala la Kamembe

Agosti 2019, Ebola ilipoingia Mwenga, Kivu Kusini, foleni ya daraja la Rusizi, mpakani mwa Kongo na Rwanda, ilikuwa ya kunawa mikono na kupimwa joto. Foleni ndefu huzaa hekaya.

Ghala moja Kamembe lilikuwa na hamali mmoja, Nyani. Mzigo ukishushwa kutoka ziwani, Panya wa forodha huukatakata kwa meno. Mafuta yanayotoka humo Nyani huyabeba mgongoni, haya ya jikoni, haya ya kupaka kuta. Asante hakuna. Thamani yake ilijulikana pale kijiji cha pili kilipopata hamali aliyezaliwa kilema: mafuta yalirundikana hadi darini, watoto wakapepesuka, wakasahau maneno, macho yakakataa kutazama juu wala chini. Watu wa maabara humwita Nyani huyo NPC1, na maradhi ya kumkosa huyaita Niemann-Pick aina C. Jeni yake waliitambua mwaka 1997.

Siku moja akaja mgeni, kanzu yake ya sukari tupu. Bawabu, kwa kuona kanzu, akamkaribisha ndani.

“Mzee, hapa hakipiti kitu bila kukaguliwa!” Panya wakamrukia, wakaitafuna kanzu yote, wakalamba na vidole. Chini yake ukatokea mkono, saizi ile ile ya kiganja cha Nyani. Nyani kazi yake kupokea; akapokea. Mlango wa nyuma ukafunguka, na kijiji kizima kikaugua. Ujanja huo wa Ebola maabara ziliufichua mwaka 2011.

Baraza likaketi. Fisi, ambaye hajabeba hata kikapu, akanguruma: “Nyani afukuzwe!” Panya wakapiga makofi, sukari ingali midomoni.

“Na mafuta, Mheshimiwa, atabeba nani?” akauliza Bibi Kobe.

Kikao kikaenda kunywa chai.

Waliporudi, Popo mla matunda akasema kutoka darini: “Kwetu hamali ana kidole kimoja kilichopinda. Mgeni wenu alikuja, akanyoosha mkono, haukushika. Mafuta yanabebwa kama kawaida.”

Chumvi hapo haikuongezwa: popo mmoja wa Afrika, tofauti ya asidi amino moja tu katika protini ya NPC1 huzifanya chembe zake zimgomee mgeni.

“Mlimfundisha lini?” Fisi akauliza.

“Alizaliwa hivyo.”

Fisi akamgeukia karani: “Andika. Kila hamali apindwe kidole kabla ya Jumatatu.”