Gari Nje, Santuri Ndani

Columbus, Ohio

Mjomba, nanyi nyote mnaokaa hapo barazani Kanyenye, Tabora:

Habari mliyoipata ni ya kweli: gari langu linalala nje kwenye theluji, na redio inalala ndani. Sijafilisika wala sijarogwa. Nyumba nyingi za huku zina banda la gari ubavuni, nami langu nimeligeuza chumba cha kusikilizia santuri.

Kazi yake si ndogo. Banda lina sakafu ya saruji, kuta ngumu zinazotazamana na mlango wa bati. Ukipiga kofi moja, unajibiwa matano. Noti moja ya gitaa la bendi ya Tabora Jazz inafika sikioni mara kadhaa, hujui ipi ndiyo aliyoipiga mwenyewe. Dawa yake ni pamba ya mawe: mawe yanayeyushwa, yanavutwa nyuzi, yanashindiliwa kuwa mabamba, unayavisha kitambaa na kuyatundika. Yatundikwe wapi? Wewe unakaa kitini, mwenzio anatembeza kioo ukutani. Popote utakapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga na kukurudia. Mke wangu ndiye aliyeshika kioo. Aliniuliza kama na kazi hii ilihesabiwa kwenye mahari.

Sauti nyembamba zilitulia upesi. Besi ndiyo mkaidi. Noti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, na banda langu halifiki urefu huo. Basi wimbi linajikunyata pembeni na kunguruma kama mgeni mrefu aliyenyimwa kitanda. Bamba jembamba kwa besi ni pambo tu. Pembe zote nimezijaza pamba kuanzia sakafuni hadi darini, na jirani bado analalamika! Pamba inatuliza chumba, haizuii sauti kutoka. Kuzuia kunataka ukuta mzito wa udongo, kama wa tembe la Kwihara huko kwetu, si huu wa mbao na jipsamu.

Sasa sikieni aibu yenyewe. Spika mbili na kiti lazima vifanye pembetatu ya pande sawa, kwa hiyo pa kusikilizia vizuri ni mahali pamoja tu. Mgeni akija nampisha kiti, mimi nasimama mlangoni kwangu. Na baada ya gharama zote hizo, santuri zenyewe ni mono: spika mbili, neno moja. Hata hivyo mandolini ya Salum Zahoro wa bendi ya Kiko Kids naisikia hadi mguso wa uzi.

Ila Segere Matata, mtindo wa Tabora Jazz, haukupigwa ili mtu ausikilize peke yake ameketi, mikono magotini. Na uwanja wazi hauna kuta za kurudisha sauti wala pembe za kufuga besi. Ninyi hapo chini ya miembe mnacho bure chumba ninachokilipia kwa mkopo.

Nina ombi moja. Makabatini kwa wazee bado kuna santuri za mizunguko 45. Msiwaachie watoto wazirushe. Zipangeni wima kwenye boksi gumu, mbali na jua, maana joto linazipinda. Na mkinitumia, asali safari hii, tafadhali, ije kwa mzigo wake peke yake, isije ikazimwagikia.