Njia 6 za kuzuru sayari, kuanzia ya mwisho hadi bingwa (kubisha ni ruhusa)

Stima zikipotea hapa kwetu Kamukuywa, nyota hutoka zote kana kwamba zimelipwa. Zohali na Mirihi nazo zimo humo, zikijifanya nyota. Vyombo vimeshazifikia, kila kimoja kwa tabia zake, nami nimevipanga kwa kigezo anachopimwa nacho yeyote anayerudi nyumbani kutoka Nairobi: umetuletea nini?

6. Kugonga makusudi
Septemba 2022, DART ya Marekani ilijibamiza kwenye Dimorphos, asteroidi yenye upana wa mita 160 hivi. Lengo lilikuwa kuona kama jiwe la angani linaweza kusukumwa. Likasukumika: muda wake wa kuzunguka asteroidi kubwa iliyo karibu nalo ulipungua kwa zaidi ya nusu saa.
Hukumu: Kazi safi, adabu sifuri. Madereva, msijaribu kumwambia trafiki kuwa mlikuwa mnafanya utafiti.

5. Kupita tu
New Horizons ilikaa njiani miaka tisa na nusu kwenda Pluto. Ilipofika, Julai 2015, haikusimama. Ilikuwa na kasi mno na mafuta ya kufunga breki haikubeba. Voyager 2 nayo ilizipita Uranus (1986) na Neptune (1989), na hadi leo hakuna chombo kingine kilichofika huko.
Hukumu: Picha nzuri sana. Lakini hata chai hukunywa?

4. Kuzunguka boma
Cassini iliizunguka Zohali kuanzia 2004 hadi 2017, ikagundua maji yakifoka kutoka kwenye mwezi wake mdogo, Enceladus. Mafuta yalipokaribia kwisha, ilielekezwa ndani ya Zohali iungue, isije ikaangukia mwezi huo na kuuchafua.
Hukumu: Miaka 13 nje ya ua, na inajua kila kinachopikwa ndani. Umbea wa kiwango cha shahada.

3. Kutua, na ukiweza, kutembea
Zuhura ina joto la kuyeyusha risasi. Venera 13 ya Wasovieti ilitua huko 1982 ikajikaza dakika 127, muda wa kuivisha githeri. Mirihi ina nafuu: Opportunity ilitarajiwa kudumu siku 90, ikadumu kuanzia 2004 hadi 2018 na kutembea kilomita 45. Ungetoka Kitale, upite Kamukuywa, na baada ya miaka 14 Webuye bado hujaiona.
Hukumu: Bidii ipo. Mkono mtupu.

2. Kwenda mwenyewe
Naam, Apollo ni ya pili. Pigeni kelele, nangoja. Wanaume 12 walikanyaga Mwezi kati ya 1969 na 1972, na safari zao zikaleta kilo 382 za mawe na udongo. Lakini Mwezi ni hapo jirani, siku tatu tu, na abiria walidai hewa, chakula na kurudishwa.
Hukumu: Zawadi tele, nauli ya kufilisi ukoo.

1. Kuchota na kurudisha
OSIRIS-REx ilichota vumbi la asteroidi Bennu 2020. Septemba 2023 ilipita karibu na Dunia, ikaangusha kifurushi jangwani Utah, kisha ikaendelea na safari kuelekea asteroidi nyingine, Apophis. Ndani mlikuwa na gramu 121.6 za vumbi lenye umri wa miaka bilioni nne na nusu.
Hukumu: Bingwa. Matatu iliyotupa mzigo stejini bila kusimama, na mzigo ukafika mzima.

Nje ya mashindano: kutokwenda kabisa
Setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ikabaki karibu na Dunia ikichunguza eksirei za nyota za mbali. Ngomeni ilifaa kwa sababu karibu na ikweta Dunia huisukuma roketi bure inapoelekea mashariki. Sasa, Kamukuywa iko karibu zaidi na ikweta kuliko Ngomeni! Tunachokosa ni bahari tu. Roketi huangusha vipande vyake mashariki, na mashariki yetu ni Moi's Bridge. Anayetaka kuwalipa wakulima wa huko mahindi yao ajitokeze, turushe kesho.